Benchi la Bwana Marijani

Temeke,
9 Machi 1954

Kwa dada yangu Tabu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kile kikohozi chako kimekwisha. Mie huku ni mzima wa mwili. Mvua imetuanzia mapema na paa langu linavuja, lakini hayo si ya kukusumbua.

Barua yako nimeipata. Umeniuliza kwa nini Mwanabaraka amerudi Kimbiji ghafla, na kama ni kweli alimpiga kofi mgonjwa. Umesema wazee wa mchumba wake, Bakari, wamesikia na wanataka kuvunja posa, na mwanao haelezi kitu, analia tu.

Ni kweli alimpiga. Kazi yetu hospitalini unaijua: tunawafundisha kusuka ukili wa mikeka watu walioumia mikono, vidole vipate kukunjika tena. Mtu wa namna hiyo humfundishi kwa mbali. Unakaa naye benchi moja, unamshika mkono na kuuongoza. Sasa yuko Bwana Marijani, mnyapara wa bandarini aliyeangukiwa na kasha, mtu wa heshima zake. Mkono wake wa kulia ulikuwa hauwezi kushika hata kikombe. Pajani kwangu, dada, uliweza.

Nilikwenda kumweleza mkubwa wetu, Bwana Nikodemu. Alicheka, akasema nishukuru, maana hiyo ni dalili ya kupona. Kisha akachukua karatasi ya mgonjwa, akaandika kwamba mkono umepata nafuu. Nikatoka pale sina pa kuuweka uso wangu. Wiki tatu nilivumilia, siku nyingine nafunga kanga mbili.

Mwanabaraka yeye hakuvumilia hata siku nne. Alimzaba kofi, akasema mbele ya watu wote alichofanyiwa. Bwana Nikodemu akanigeukia mie, mama yake mdogo, niliyekuwa benchi la pili, akauliza nimeona nini. Nikasema sikuona kitu. Niliogopa kufukuzwa, wakamfukuza yeye.

Dada, niliona. Na liko baya zaidi ya hilo, nalijua peke yangu. Benchi lile lilikuwa langu. Mwanabaraka alipoanza kazi, nilimwambia kwamba anasuka vizuri kuliko mie, kwa hiyo anastahili kupewa mgonjwa mwenye heshima. Mtoto alifurahi, akanishukuru. Nilijua vizuri ninampeleka wapi. Nilitaka na mie nipumzike. Najionea haya, dada.

Usimpige, wala usimwulize tena. Wapelekee wazee wa Bakari barua hii, isomwe kwa sauti, na jina langu lisirukwe. Kesho nakwenda kwa Bwana Nikodemu kusema nilichokiona. Wakinifukuza, na wanifukuze.

Nisalimie shemeji, na watoto mmoja mmoja. Mwanabaraka usimpe salamu zangu. Mwambie tu kwamba nimesema.

Ndimi mdogo wako,
Mwamvita