Anza Wewe, Baba

Jumapili, 3 Machi

Leo nimekwenda kwa kina Mutsumi kuposa. Wana nyumba ya wageni, mlima nyuma, mto mbele. Ukutani pana alama kubwa ya samaki aliyevuliwa, iliyopigwa kwa wino kwenye karatasi. Baba yake, Mzee Hirabayashi, akauliza kama navua kwa tenkara — ufito, mshipi, ndoana ya manyoya, basi. Nikajibu: kidogo tu. Uongo! Sijawahi hata kushika ufito. Lakini nani humkatalia mkwe siku ya kwanza? Nikamrudishia swali. Akasema naye kidogo tu, tena ovyo ovyo. Akaitazama ile alama. Nami nikatazama kikombe changu.

Kwenye treni Mutsumi amecheka mpaka machozi. Eti kwao anayesema kidogo ndiye fundi, na baba yake amenielewa hivyo. Msimu ukifunguliwa, Jumapili ijayo, tutavua pamoja, majirani watazame, kisha ndipo atoe jibu la ndoa. Nimekwisha.

Jumanne, 5 Machi

Nimenunua ufito. Muuzaji akauliza kama ndiyo mara ya kwanza. Nikasema najua kidogo. Akainama, akaniletea ule wa mafundi. Sisi watu hatuponi!

Alhamisi, 7 Machi

Bustanini, baada ya kazi. Video inasema: inua, simamisha juu ya kichwa, ngoja mshipi unyooke nyuma, shusha taratibu. Mkono wangu haujui kungoja. Kwanza nikanasa sikio langu mwenyewe. Halafu godoro la jirani yangu, Bi Nakazato, lililoanikwa barazani. Nikaenda kuomba radhi na keki za maharage. Akasema si kitu, godoro lenyewe limezeeka. Maana yake amekasirika sana.

Jumamosi, 9 Machi

Mara moja — moja tu! — mshipi umetua kwenye nyasi bila kishindo. Nimefurahi kama mtoto. Baadaye hofu ikarudi. Nampenda Mutsumi, na sitaki kuingia kwao kwa uongo. Kesho nakiri.

Jumapili, 10 Machi

Kando ya mto. Nimekiri. "Baba, kusema kweli, sijui kuvua."

Mzee akainama chini kuliko mimi. "Hata mimi sijui, mwanangu."

Majirani wakaguna kwa heshima. Mafundi wawili!

"Anza wewe, Baba."

"La. Mgeni kwanza."

"Mkubwa kwanza."

Tumeendelea hivyo mpaka supu ya miso ikapoa. Samaki wanaruka mbele yetu, wanatucheka. Sasa Mzee amekwenda haja nyuma ya mianzi, kwa mara ya tatu, ufito wake kaniachia mimi. Mpini bado una nailoni ya dukani! Namuuliza Mutsumi kuhusu ile alama ukutani. Ananong'ona: samaki yule alivuliwa na babu.

Na Mzee alipokuwa akienda nimeona: nyuma, kwenye ukosi wa koti, ndoana ya manyoya imenasa. Kumbe naye alikuwa akijifunza kwa siri. Maskini Baba. Nikiichomoa, atajua kwamba nimejua, na mkwe akiaibika hakuna ndoa. Nikiiacha, akigeukia mto tu majirani wote wataiona.

Basi atangulie yeye, mimi nisimame nyuma yake niifiche. Nyuma ya asiyejua kurusha ndipo pabaya kuliko pote, sikio langu linajua. Lakini nadhani ndipo mahali pa mkwe.

Anarudi. Nafunga koti mpaka shingoni —