Daktari Alisema Apunguze Mwendo

Mpendwa Shangazi Njura, nisaidie kabla nyumba yangu haijanyamaza kabisa. Mimi ni mwalimu wa kompyuta hapa Makutano, Meru, na siku nyingine huenda Muthara kufundisha kwenye ukumbi wa kanisa ambao hauna stima, kwa hiyo hubeba ile kompyuta ndogo ya betri, na kwa kuwa betri yenyewe imezeeka huwa napunguza mwendo wa prosesa, ile sehemu inayofikiri, ili chaji kidogo iliyobaki itutoshe, na wanafunzi hulalamika kwamba mashine inasinzia lakini angalau haizimiki, na mimi najisifu kwa hilo.

Sasa mke wangu Mukami, ambaye kwao ni Siakago kule Embu, alianguka jikoni tukaambiwa ana moyo dhaifu, na daktari akasema, "Mama apunguze mwendo," na mimi Shangazi neno hilo nililisikia kwa masikio ya kazi yangu, nikaenda nalo nyumbani, nikamtoa kwenye kwaya, nikafunga cherehani yake, nikamkataza soko, hata binti yetu Ntinyari nikamwonya asimchekeshe mama yake sana, na kweli Mukami hajaanguka tena, ila siku hizi anakaa dirishani tangu asubuhi, chai inapoa mbele yake, na nikimsalimia anajibu kwa kichwa tu.

Juzi mama yake alituma neno kwamba ndengu zimekauka shambani, na kila mwaka Mukami huenda kuvuna naye, nikasema mwaka huu hapana, naye akasema, "Baba Ntinyari, mimi si ile mashine yako. Hiyo betri ikiisha utaichaji. Mimi utanichaji na nini?" Tangu hapo hatuongei, amefunga mzigo, Ijumaa anaenda nipende nisipende, na mimi naogopa, Shangazi, naogopa kumzika, sasa nimzuie au nimwache?

Koome, Makutano

Koome, pole sana. Hofu yako naielewa na siicheki. Lakini umekosea, tena kwa kiburi cha mtu anayejua kazi moja akadhani amejua zote.

Hata hapa gazetini tunazo kompyuta za betri, kwa hiyo hapo hunibabaishi. Ukiipunguzia mwendo, kuandika barua ile ile kunachukua muda mrefu zaidi, na muda huo wote kioo kinawaka na kinakula chaji. Unaokoa kidogo kama kazi ni ndogo, la sivyo umengoja zaidi na betri imeisha vile vile. Mukami umemkalisha dirishani huku siku zake zinakwenda. Umeokoa nini hapo?

Daktari hakusema aache kuimba. Hakusema mtoto asimchekeshe. Hayo umeyaongeza wewe, halafu ukayaita matibabu.

Kabla ya Ijumaa rudini kwa daktari wote wawili, na wewe ufunge mdomo. Mukami aulize mwenyewe: naweza kuimba nikiwa nimekaa? Naweza kushona kidogo? Naweza kusafiri hadi Siakago? Akiruhusiwa, mpeleke, na jembe na magunia ubebe wewe. Shambani uiname wewe, yeye akae kivulini na mama yake wachambue ndengu na kusengenya wakwe, wewe ukiwa wa kwanza. Akikatazwa safari, basi mlete mama mkwe hapo Makutano na gunia la ndengu zikiwa bado kwenye maganda, wachambue sebuleni kwako, na takataka ufagie wewe bila kununa. Cherehani ifungue leo.

Jambo la mwisho. Mimi nisiyekujua umeniambia unaogopa kumzika mkeo. Yeye umemwambia? Katika barua yote sioni mahali ulipomwambia. Umempa amri tu, na yeye anadhani umemchoka. Moyo ule huenda usidumu, Koome, hata ukifanya kila kitu sawasawa. Weka gazeti chini, uende ukamwambie unaogopa, wakati bado yupo wa kukujibu.