Namba Iliyoishia Kitabuni

Jumatatu, 2 Septemba 1996
Nimemaliza kusahihisha hesabu za kidato cha pili. Malale, yule binti wa kijiji cha Kabungu aliyepanga chumba hapa mjini, mtaa wa Nsemulwa, kapata 32. Amepona! Chini ya 30 ni kukariri darasa, na baba yake kishasema hakuna kukariri, akikwama arudi nyumbani.

Jumanne, 3 Septemba
Bartolomeo, mkuu wetu wa taaluma, kapitia karatasi zangu. Swali la saba: kipeuo cha pili cha 2 kinaandikika kama sehemu, au hakiandikiki? Malale kaandika hakiandikiki. Alama nne. Mzee kazikata zote! Kafungua kitabu cha majedwali, kaweka kidole: 1.414. Imeisha. Basi ni 1414 juu ya 1000. Nikamwambia kilichoisha ni nafasi kwenye ukurasa. Akaniuliza nina muda gani kazini. Miezi minane, na anajua — fomu yangu ya kuthibitishwa iko kwenye droo yake.

Miaka kumi na tisa anafundisha hivi. Makarani wa mji huu, manesi, pengine hata padri, wote wamepita kwake.

Jumatano, 4 Septemba
Saa ya chai nimezidisha mbele yake, 1.414 mara 1.414. Jibu 1.999396.

"Madam, si ndiyo mbili hiyo? Imekaribia."

Nikasema basi 28 nayo imekaribia 30, ampitishe Malale. Walimu wakachekea vikombeni. Yeye hakucheka. Eti alama hazikaribii.

Alhamisi, 5 Septemba
Hajanisalimia.

Ijumaa, 6 Septemba
Saa nane mchana. Kaniletea karatasi mbili kwa pamoja. Orodha ya alama, Malale 28, niweke sahihi. Na fomu yangu — kashasaini, bado muhuri. Anazitaka saa kumi. Hakutamka neno, mzee ana adabu sana. Na mimi, mdomo wote ule wa juzi, nimeshika kalamu. Najichukia.

Hodi. Malale, na daftari. Tangu juzi anatafuta kipeuo cha 2 kwa ile njia ndefu ya kugawanya. Kafika 1.41421356 na bado inakwenda. Mzee kamwambia inaishia kwenye nne. Binti kapiga goti, kama wanavyosalimia kwao. Hana hata hasira.

"Madam, naomba unionyeshe nilipokosea."

Kafungua daftari juu ya zile karatasi mbili. Anasubiri.