Jina Nililolifuta

Jumanne, 4 Machi

Kliniki leo. Profesa kaniweka mbele ya wanafunzi wake: mama, waambie unaumwa nini. Nikalitaja lile jina refu la kigeni, lote, bila kukwama. Ugonjwa wa ———— (nimelifuta Alhamisi, sababu iko chini). Makofi! Mimi, fundi cherehani wa darasa la saba!

Muuza vitambaa kanitania: mwenzetu hata kuumwa unaumwa kigeni. Nikamjibu, na daktari nimemzaa mwenyewe! Jumatatu mwanangu Kitinda ana mtihani wa mwisho, wa kuulizwa ana kwa ana. Muulizaji ni Profesa huyohuyo. Akipita, ni daktari kamili.

Nimemwombea yule bwana aliyeugundua ugonjwa wangu ukaitwa kwa jina lake, kama kila siku. Mtu wa watu! Bila yeye vidole hivi vingeshika sindano?

Alhamisi, 6 Machi

Kitinda kaja mchana. Nikamsimulia yale makofi. Kaweka kijiko chini: mama, usilitaje tena jina hilo.

Kanieleza polepole, kama anayenitoa mwiba. Yule bwana, wakati wa vita vya kwao, alikuwa akienda gerezani kuchagua wafungwa. Aliowachagua waliuawa, yeye akawapasua aone mishipa yao. Ndivyo alivyoujua ugonjwa wangu.

Na mimi miaka tisa namwombea!

Nikauliza, hao wafungwa waliitwa nani? Kasema hakuna aliyeyaandika majina yao. Lake tu ndilo liliandikwa.

Nimelifuta. Kalamu imetoboa karatasi.

Ijumaa, 7 Machi

Kitinda kasema Jumatatu hatalitaja, hata akibanwa. Atasema uvimbe wa mishipa midogo ya damu, basi. Lakini Profesa alifundishwa na mwanafunzi wa yule mtu! Picha ya bwana huyo kaitundika ofisini. Na mwaka jana alimwangusha mmoja, eti mbishi.

Nikambembeleza: litaje tu, mwanangu, jina halichubui ulimi. Miaka sita hii ya masomo!

Kanitazama. Mama, si wewe uliyenirudisha dukani na kibunda cha uzi wa watu nilichokwapua, nikiwa na miaka saba?

Ni mimi.

Jumapili, 9 Machi

Dua nimeigeuza. Nimewaombea wale wasioandikwa. Sijui niwaite nani, nimewaita ndugu zangu. Ahsanteni, ndugu zangu. Nashona kwa sababu yenu.

Na ahsante kwa mtoto huyu. Jamani, nimezaa!

Jumatatu, 10 Machi

Niko kwenye benchi, nje ya chumba cha mtihani. Profesa akiingia kanisalimu, mama yake Kitinda; nesi karuhusu nikae, ila kimya. Naandika ili mdomo utulie.

Profesa kapandisha sauti: ugonjwa huo unaitwaje? Kitinda: uvimbe wa mishipa midogo ya damu, Profesa. Jina lake! Kajibu vilevile, na "Profesa" mwishoni. Adabu tupu — lakini hajasogea hata inchi!

Lo! Profesa anasema, mbona hata mama yako analitaja, tena vizuri kuliko nyote? Si yuko hapo nje? Aitwe, aje akufundishe.

Mlango umefunguliwa. Nesi: mama, unaitwa, acha kuandika. Subiri, nesi, mstari mmoja tu. Mungu wangu, ahsante kwa kuniita mimi na si mwingine.

Nimesimama. Nakuja, nesi, nakuja. Ninachoumwa nakijua: uvimbe wa mishipa midogo ya damu, basi.