Baba, Mimi Si wa Januari

Baba,

Nimekukasirikia. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua huanza kwa salamu, lakini wewe huwezi tena kunijibu kama hujambo, kwa hiyo naanza na lililo moyoni.

Mwezi wa tano tuliweka jiwe kaburini kwako. Limeandikwa kwamba ulizaliwa tarehe moja Januari. Mama naye ni wa tarehe moja Januari. Mimi pia. Nilisimama pale nikacheka, Mama akanifinya mkono akidhani uchungu umenizidi. Haukuwa uchungu. Nyinyi wawili kweli hamkujua siku zenu, mkapewa hiyo kama wengi waliopita kambi ya wakimbizi. Lakini yangu uliijua. Nilizaliwa siku tatu baada ya Noeli. Ulipenda kusimulia jinsi mkunga alivyonung'unika kwamba nimemharibia sikukuu.

Na bado ukaandika Januari ya mwaka uleule. Ukanizeesha karibu mwaka mzima kwa mstari mmoja wa kalamu.

Sababu naijua, Mama ameniambia. Shule ya kambini ilipokea waliotimiza miaka sita tu, nami nilikuwa na mitano, nashinda nimening'inia kwenye dirisha la darasa ulilokuwa ukifundisha. Uliona kungoja mwaka ni kupoteza mwaka. Sawa. Lakini ni wewe huyohuyo uliyenisimamisha jikoni huku ughaibuni, Vårby gård, nusu saa nzima kwa sababu nilisema nimepiga mswaki na sikuwa nimepiga. Nusu saa, Baba! Na muda wote huo karatasi yako ya Januari ilikuwa kabatini.

Sasa sikiliza ilichonifanyia.

Unaikumbuka lakrosi yangu, ule mchezo wa kubeba mpira kwenye wavu wa fimbo. Ulikuwa unakuja uwanjani Bredäng moja kwa moja kutoka kazini, bado umevaa sare ya udereva wa basi, unanipigia kelele: "Keza! Mnaubembeleza mpira kama mtoto, halafu mnautupa! Hayo ni malezi gani?" Wazazi wengine walikugeukia, nawe ukawapungia mkono kama mgeni rasmi. Niliona aibu. Leo ningelipa aibu hiyo mara mbili nikusikie tena.

Mwakani wasichana wote wa mwaka wetu tunapanda kundi la wakubwa, la hadi miaka kumi na saba. Kocha wetu, Lotta, alituchorea kalenda ubaoni. Alisema wanaozaliwa mwanzoni mwa mwaka huwa wamewatangulia wenzao kwa miezi mingi, kwa hiyo ni warefu zaidi, kwa hiyo wanachaguliwa, kwa hiyo wanacheza zaidi, kisha watu wanasema wana kipaji. "Mara nyingi si kipaji," alisema. "Ni kalenda." Ndiyo maana klabu imeweka kanuni mpya: aliyezaliwa kati ya Oktoba na Desemba anaweza kubaki na wadogo mwaka mmoja zaidi, akue kwanza.

Nilifurahi sana. Kwa mara ya kwanza mtu mzima alikuwa amesimama ubaoni akinieleza mimi. Mimi ndiye mfupi kuliko wote.

Kisha, kwenye mkutano wa wazazi Skärholmen, yakasomwa majina. Ebba, ambaye anamzidi kocha urefu, ni wa Novemba. Anabaki. Mimi, wa Januari, napanda.

Nilinyoosha mkono nikasema nilizaliwa Desemba. Mama yake Ebba akageuka kwenye kiti, akacheka. "Desemba sasa? Si juzi tu mlikuwa wote wa tarehe moja Januari? Nyumba nzima keki moja!" Watu wakacheka. Halafu akasema polepole, kama anamsemesha mtoto wa chekechea, "Wengine huwa wanapimwa meno kujua umri wao, unajua. Meno hayadanganyi."

Mama, ambaye lugha yao bado hajaishika, alikuwa karibu yangu, amevaa koti lako. Aliona watu wanacheka, naye akatabasamu na kutikisa kichwa kwa adabu. Baba, lile tabasamu sitawasamehe. Kwenye treni akaniuliza, "Yule mama alisema nini hata watu wakafurahi?"

"Alisema nina bidii."

Umeona? Ufundi wako nimeurithi.

Nimekwisha kufanya mazoezi mara mbili na wakubwa. Mara ya kwanza msichana mmoja alinipitia kama mlango ulioachwa wazi. Mara ya pili nilikaa benchi, na kocha wao akaniambia, "Wewe ndiye mkubwa wa mwaka wenu, jikaze." Nikibaki huko nitaacha kucheza kabla ya majira ya joto. Najijua.

Lotta anasema nikileta karatasi yoyote ya zamani, kamati itaisoma kwenye mkutano ujao, mbele ya wazazi wote, pasiwe na manung'uniko. Ninayo. Kadi yangu ya ubatizo imo ndani ya Biblia ya Mama, na paroko aliandika siku yenyewe. Lakini Mama alikuwa ameikalia. "Utasimama mbele ya Wazungu useme baba yako ni mwongo? Aliyekusomesha? Na hao wanaosema sisi sote tunadanganya umri, si utakuwa umewapa ushahidi mkononi?"

Nimetafuta jibu wiki mbili, nikikuchukia kwa sababu ni wewe uliyepaswa kunipa.

Leo asubuhi nilimwambia Mama hivi: yule mama wa Ebba anasema tumepunguza umri wangu. Baba aliuongeza. Kosa ni letu, lakini si lile wanalotusingizia, na nikinyamaza watatuvisha la kwao. Na kwenye kundi la wadogo kuna wasichana wawili wapya, nao wa tarehe moja Januari. Nani atawasemea?

Mama akasema, "Unabishana kama yeye." Kisha akainuka kwenda kuchukua miwani yake, akafungua Biblia.

Kwa hiyo Jumanne nitasimama. Sikuombi ruhusa, nakupa habari. Nitasema ulidanganya, na nitasema kwa nini, kwamba ulikuwa mwalimu mwenye binti dirishani. Kamati ikikataa, nitapanda kwa wakubwa nikigongwa, na nikitimiza umri wa kuomba mwenyewe nitaomba siku yangu irudishwe. Nakuahidi sitapunguza lolote ulilofanya, wala sitamruhusu mtu aliongeze.

Pumzika, Baba. Hasira yangu itakuja kuisha, sijui lini.

Ni mimi binti yako, Keza, mwenye miaka kumi na mitatu.