Maelezo ya Mama Kengele Kuhusu Mlango wa Kamati ya Hesabu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi cha Kati, Chumba cha Upelelezi

Jina: Limehifadhiwa kwa agizo la mkuu wa upelelezi. Kazini anaitwa Mama Kengele.
Umri: Miaka 46, mwanamke
Kazi: Mhudumu wa ukumbi wa kamati, Bunge
Makazi: Nyumba za kupanga nyuma ya kiwanda cha viatu, pamoja na mama yake mzazi
Kosa linalochunguzwa: Kumfungia mtu chumbani kinyume cha sheria, na kujeruhi

Nimeelezwa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, na nimeelewa. Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, ingawa mkono unaniuma na dawa waliyonipa hospitali inaniletea usingizi. Kwa hiyo afande, ukiona nasinzia, niamshe tu.

Najua swali linalongojewa ni moja. Wizara ya Ujenzi imeandika barua kwamba kengele ilinyamaza kabla mjumbe wa saba hajaingia, na kwamba uamuzi wa kamati ni batili. Mnataka niseme ilinyamaza au haikunyamaza. Nitafika hapo, lakini nitakwenda kwa mpangilio, kwa sababu nikianzia mwisho mtanielewa vibaya.

Kazi yangu ni kuandaa ukumbi, kuweka maji mezani, kupiga kengele na kufunga mlango. Watu hucheka nikisema hivyo, lakini bila mimi hakuna kikao. Kengele yetu ni ya zamani. Inalia ukiwa umebonyeza, ukiachia inanyamaza. Fundi aliyeiweka, Mungu amsamehe, alikiweka kibonyezo kwenye fremu ya mlango, pale pale mlango unapofungia. Nimeomba kihamishwe mpaka nimechoka. Kila mara najibiwa kwamba hakuna fungu.

Kanuni iko hivi. Mapumziko yakiisha, mhudumu anapiga kengele kuwaita wajumbe. Desturi ni dakika tano, lakini dakika tano hazikuandikwa popote. Kilichoandikwa ni kwamba kengele ikinyamaza mlango ufungwe, na mjumbe atakayefika mlango ukiwa umefungwa asihesabiwe. Wajumbe wakipungua saba hakuna akidi, yaani hawatoshi kufanya uamuzi, na kikao kinavunjika.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, tarehe 30 ya mwezi wa sita, siku ya mwisho ya mwaka wa fedha. Ajenda ilikuwa moja: kuiongezea fedha Tume ya Uchunguzi wa daraja la waenda kwa miguu lililoanguka mbele ya soko. Fedha isipopitishwa siku hiyo inarudi Hazina, na Tume inafunga ofisi kesho yake.

Hapa lazima niseme jambo ambalo mtalisikia kwa watu wengine. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa juu ya daraja lile. Alikuwa anatoka kwa fundi kuchukua pasi ya mama. Pasi tulirudishiwa pamoja na nguo zake. Inafanya kazi, mama anaitumia mpaka leo.

Naomba dakika moja, afande.

Naendelea. Mama ameitwa na Tume kutoa ushahidi Jumatatu inayofuata. Amekuwa akifanya mazoezi jikoni, amesimama mbele ya kabati la vyombo kama ndilo jaji. Swali lake ni lile lile kila jioni: "Nikilia watanikatiza?" Namwambia hawatamkatiza, ingawa sijui. Jumatano karani wa Tume alimpigia simu akamwambia kwamba Bunge lisipotoa hela asijisumbue kuja. Mama aliniuliza, "Si huko ndiko unakofanya kazi wewe?" Nikasema ndiko, lakini mimi napiga kengele tu.

Mkuu wangu wa kazi anajua habari ya mdogo wangu tangu siku ya msiba. Aliniambia niendelee na kazi na nisizungumze na mjumbe yeyote kuhusu daraja. Sikuzungumza na yeyote.

Kikao kilianza saa tatu asubuhi. Wajumbe waliofika walikuwa saba kamili. Wengine walikuwa safarini, na wengine waliugua ghafla siku hiyo hiyo, pole yao. Wizara ya Ujenzi iliwakilishwa na Katibu Mkuu wake, na nyuma yake alikaa msaidizi wake ambaye sisi wahudumu tunamwita Marashi, kwa sababu unamnusa kabla hujamwona. Huyo ndiye ninayemlalamikia.

Katibu Mkuu alisema Tume imekuwa mzigo, imekula fedha nyingi na haijamaliza kazi. Mjumbe mmoja mama mtu mzima, anayetembea kwa fimbo, akamkatisha. Huyo tunamwita Bibi Risiti. Haamini mtu, anaamini risiti, na mkoba wake umejaa makaratasi mpaka haufungiki. Hauachi hata akienda msalani.

Akauliza, "Fedha ya Tume sehemu kubwa imekwenda wapi?"

Katibu Mkuu akasema imekwenda kwenye gharama za mawakili.

"Mawakili wa nani?"

Akasema mawakili wa wizara.

"Waliomba vikao vya Tume viahirishwe mara ngapi?"

Akasema hana takwimu hizo kwa sasa. Bibi Risiti akasema yeye anazo. Akasema, "Mnaomba kuahirisha, mnalipwa kwa kuahirisha, tena kutoka fungu la Tume. Halafu mnakuja hapa kutuambia Tume ni ghali na inachelewa. Mwanangu, hata mwizi wa kuku huwa na haya kidogo." Wajumbe walicheka. Marashi hakucheka, alikuwa ameinama anaandika ujumbe kwenye simu.

Saa tano Mwenyekiti alitangaza mapumziko ya chai, wakirudi wapige kura. Mimi nilibaki mlangoni. Nilimwona Marashi akimsogelea Bibi Risiti ukumbini kwa adabu zote. Nilimsikia akimwambia kwamba yuko mjane wa daraja, anaogopa wapiga picha, anamsubiri chini karibu na stoo ya karatasi. Akampokea mkoba, akampa mkono, wakashuka ngazi polepole. Nilifikiri, hata huyu ana roho ya utu.

Baadaye Marashi alirudi peke yake, na mkoba mkononi. Akauweka juu ya kiti cha Bibi Risiti vizuri, kama mtu anayelaza mtoto, akatoka tena nje kwenye korido.

Nilishtuka. Simu ya Bibi Risiti inakaa ndani ya mkoba ule. Na kila anayefanya kazi ghorofa ya chini anajua mlango wa stoo ya karatasi: kitasa cha ndani kilikufa zamani, ukiingia unauegemeza na mtungi wa kuzimia moto usije ukajifunga. Mtu akiusogeza mtungi ule, aliye ndani habanduki mpaka afunguliwe kwa ufunguo. Ufunguo ninao mimi, kwenye kiuno changu.

Kabla sijasogea, Mwenyekiti aliita, "Mama Kengele, tuanze." Nikaangalia ndani, wajumbe walikuwa sita. Ningesema nini? Kwamba namtuhumu msaidizi wa Katibu Mkuu kwa sababu ya mkoba? Na mimi ndugu wa marehemu? Nikabonyeza kengele.

Mpika chai wetu alikuwa anapita na toroli. Tunamwita Shemeji, ingawa hajaoa kwetu wala kwa mtu yeyote. Nilichomoa funguo kwa mkono wa kushoto, nikamrushia juu ya toroli. Kikombe kimoja kilivunjika.

"Shemeji, stoo ya karatasi, kimbia!"

"Sukari ipo ya kutosha," akasema. Kengele ilikuwa inampigia masikioni.

"Bibi Risiti yuko ndani! Kimbia!"

Akaniangalia, akaona uso wangu, akaacha toroli katikati ya njia. Sijawahi kumwona Shemeji akikimbia, na anakimbia vibaya sana.

Nikaendelea kubonyeza. Dakika tano za desturi zilipita na saa ya ukutani iko mbele yangu. Wajumbe walianza kuziba masikio. Mwenyekiti akapaza sauti, "Kengele hiyo imepata wazimu?"

Nikasema, "Mheshimiwa, bado inalia."

Mwenyekiti ni mtu mwoga, nitasema ukweli, hapendi ugomvi na wizara. Lakini alikitazama kile kiti chenye mkoba, akautazama muda mrefu, akasema, "Kanuni inasema tufunge ikinyamaza. Naisikia bado." Akavua miwani akaanza kuifuta. Nilimshukuru moyoni.

Marashi akaja mlangoni kutokea nje. Mimi nilikuwa ndani, mkono wa kulia umenyooka kwenye fremu. Akaniambia kwa sauti ya chini, akitabasamu, "Mama, muda umekwisha. Achia."

Nikamwambia, "Wako umekwisha. Wangu bado."

Akasema, "Unajua tunajua wewe ni nani. Kazi unayo kwa sababu watu wamekuonea huruma. Mama yako mzee anakula wapi ukifukuzwa?"

Niliogopa, afande, na niliona aibu kwamba niliogopa. Lakini kidole hakikutoka.

Hapo ndipo alipousukuma mlango kwa bega. Mlango ni wa mbao nzito, na unafungukia nje. Ulibana vidole vyangu vitatu kati yake na fremu, nikasikia mlio ambao sitaki kuusikia tena. Nilipiga ukelele. Mkono ulisogea, na kibonyezo kikaachia.

Basi, hilo ndilo jibu lenu. Kengele ilinyamaza. Siwezi kusema haikunyamaza, na hata mama hangetaka niseme hivyo.

Marashi akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mheshimiwa, kengele imenyamaza na mlango unafungwa. Hesabu wajumbe wako."

Nataka muandike sehemu hii kama ninavyoisema. Mlango ulikuwa unafungwa, haukuwa umefungwa. Haukuweza kufungwa, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa ndani yake. Marashi nadhani ndipo alipogundua alichokifanya, kwa sababu alilegeza bega. Mlango ukarudi nyuma kidogo. Ningeweza kuutoa mkono wangu.

Sikuutoa.

Utaniuliza kama nilifanya hivyo kwa ajili ya mdogo wangu au kwa ajili ya kanuni. Nimejiuliza mwenyewe usiku wote hospitali. Sikufikiria kanuni wala daraja. Nilifikiria mama amesimama mbele ya kabati la vyombo, na mimi narudi nyumbani kumwambia asijisumbue. Niliona afadhali vidole.

Marashi aliusukuma tena. Safari hii sikupiga ukelele.

Kisha nikasikia fimbo kwenye ngazi, na Shemeji akihema nyuma yake kama jiko la mkaa. Bibi Risiti alifika kilemba kimejaa vumbi, viganja vimechubuka kwa kugonga mlango wa stoo. Alimsukuma Marashi kwa fimbo, akauona mkono wangu. Akaweka kiatu chake kwenye upenyo, akanisogezea uso akasema, "Toa mkono sasa, mwanangu. Mimi nimeshaingia."

Nikautoa, nikakaa chini sakafuni. Niliyoyaona kuanzia hapo niliyaona nikiwa nimekaa. Mwenyekiti alisimama. Hakuwatazama watu wa wizara, akasema, "Mlango haukufungwa. Mjumbe ameingia. Akidi imetimia." Kura ikapigwa. Wote walinyoosha mkono isipokuwa mmoja, aliyekuwa anaangalia dari. Fedha ya Tume ikapita. Bibi Risiti alipiga kura kwanza ndipo akaomba maji ya kunywa.

Shemeji ndiye aliyenipeleka hospitali. Njia nzima aliniomba radhi kwa habari ya sukari.

Jana nimepewa barua ya kusimamishwa kazi kwa kuharibu mwenendo wa kikao. Sina la kusema juu ya hilo hapa. Marashi sikuwa na ugomvi naye kabla ya siku hiyo, na habari za mkoba, fimbo na mtungi wa kuzimia moto mnaweza kuwauliza wengine, si mimi peke yangu niliyeviona.

Nimesema niliyoyaona kwa macho yangu na yaliyonipata mwilini mwangu. Nikiitwa popote, mahakamani au mbele ya Tume, nitayasema hivi hivi.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa kwa mkono wa kushoto)

Maelezo ya afisa aliyeandika: Nimemsomea shahidi maelezo haya neno kwa neno, akakubali kuwa ni sahihi. Mkono wake wa kulia umefungwa plasta, hivyo ametia sahihi kwa wa kushoto mbele yangu. Mama yake mzazi alikuwa akimsubiri kwenye benchi la nje, akaniuliza mwanawe ameendeleaje humo ndani, nami kwa ombi la shahidi mwenyewe naandika hapa jibu nililompa mama huyo. Shahidi alilia mara moja. Hakukatizwa.