Ulichowanong'oneza Watoto Pale Kwa Gogo

Mpendwa Baba Wanja,

Mvua ya mwere imefika huku Kanja, hii ya Oktoba, na mimi nimekaa jikoni na kalamu ya mjukuu. Unajua mimi na kuandika ni vita. Lakini kuna jambo nimekuwa nikijiuliza tangu watoto wetu wakiwa wadogo, na Jumapili iliyopita nimepata jibu. Nani mwingine nimwambie kwanza kama si wewe, hata kama umelala hapo nyuma ya migomba?

Unakumbuka zile Jumapili za miaka ya tisini? Watu wakitoka kanisani mvua ikinyesha, wanakimbilia nyumbani kuota moto. Wewe unavaa gambuti, unakunja gunia pembe moja ndani ya nyingine mpaka linakuwa kofia, unamvika Wanja, lingine unamvika Njeru. Halafu unasema, "Twende tukaone mukunga-mbura anakunywa maji wapi." Maana wazee wetu walituambia upinde wa mvua ni mnyama, anaishi mtoni, na jua likikutana na mvua anatoka kwenda malishoni.

"Baba Wanja, hawa watoto watashikwa na nimonia."

"Mama Wanja, mvua haina meno."

Ningefanya nini? Nafuata nyuma na sweta kwa kiondo, na mafuta ya kupaka kifua.

Tukishuka katikati ya kahawa, matope yanameza kiatu cha Njeru, tunarudi kukichimbua kama kiazi. Na Wanja na maswali yake! "Baba, huyo mnyama ana kwato? Ana mke? Akila nyasi, mavi yake yanakuwa ya rangi rangi?" Ukasimama, ukafikiria kabisa kama mzee wa kanisa, ukasema, "Hiyo ya mavi hata mimi nataka kuona."

Kule chini kwenye nduma, yale magimbi ya mtoni, ndiyo tulikuwa tunakawia. Tone la mvua likianguka kwa jani la nduma halishiki, linateleza tu kama ushanga. Sisi wote wanne tumeinama, tunalizungusha huku na huku, hata mimi nimesahau nimonia. Mpaka leo sijui kwa nini jani la nduma linakataa maji na miguu yake inaishi ndani ya maji. Wewe ulisema limeshiba.

Halafu tunafika kwa gogo. Mto uko rangi ya chai ya maziwa, unanguruma, na hilo gogo limelala juu yake, limelowa. Unavuka kwanza peke yako, unakanyaga kanyaga, unarudi. Unainama kwa sikio la Wanja, unanong'ona. Unainama kwa sikio la Njeru, unanong'ona. Wananiangalia, wanacheka. Kisha mmoja ananishika mkono mbele, mwingine ananishika nyuma, tunavuka, na hakuna hata mmoja analia. Watoto wadogo namna hiyo! Nikawa najiuliza, hii ni dawa gani?

"Umewaambia nini?"

"Mambo ya wanaume."

"Na Wanja ni mwanaume?"

"Leo ndiyo."

Nilimhonga Wanja na ndizi mbivu. Akaila yote, akasema, "Baba alisema ni siri." Nikamhonga Njeru na kipande cha chapati. Akakila, akaniomba kingine. Nikadhani labda umewaahidi peremende, au ni maombi. Na ulipougua nilitaka kukuuliza, lakini mtu mgonjwa anaulizwa mambo ya gogo? Ukaenda nayo.

Sasa sikiliza. Jumapili Wanja alikuja kutoka Embu, siku hizi anakaa pale mjini, mtaa unaoitwa Dallas, akaja na msichana wake Karimi, wa miaka minne. Mvua ikakutana na jua. Karimi akaniuliza mimi nyanya yake, "Cucu, ile rangi inatoka wapi?" Nikafungua mdomo na maneno yako ndiyo yakatoka: ni mnyama, anakunywa maji mtoni. Kabla sijamaliza, Wanja anatafuta gunia.

Tangu uende sikuwa nimeshuka huko. Gogo lilibebwa na ile mvua ya Elnino, wakaweka mbao na waya, lakini mbao zinatikisika na maji ni yale yale. Tulipofika ukingoni nikasimama. Nikaona nitasema ni goti, nirudi nyumbani. Na nikirudi, huyu mtoto nitamwonyesha nini tena cha babu yake?

Wanja akaniangalia. Akainama kwa sikio la Karimi. Baba Wanja, huko kuinama nilikujua! Karimi akaniangalia, akacheka, akaja akanishika kidole. Na tumbo la mtoto wa miaka minne haliweki siri. Akapaza sauti, "Cucu, mimi nakushika! Mama amesema unaogopa maji lakini usijue tunajua!"

Wanja akaziba mdomo.

"Ndiyo hayo?" nikamuuliza. "Miaka yote?"

"Ndiyo hayo, mama. 'Mshikeni mama, anaogopa, lakini asijue mnajua.'"

Ai, wewe mtu! Na mimi nikijua nimewashika watoto wasianguke, kumbe ni mimi navushwa. Nilicheka katikati ya hizo mbao, zinatikisika, mpaka Wanja akasema, "Mama, vuka kwanza, utacheka ng'ambo." Tulivuka. Mnyama hatukumwona. Alikuwa ameshahamia ukingo ule mwingine, kama kawaida yake.

Lakini swali moja likitoka, lingine linaingia. Wewe ulikuwa unatangulia peke yako, kwenda na kurudi, ndiyo sisi tupite. Ulikuwa huogopi? Na kama uliogopa, wewe alikushika nani?

Karimi anasema huyo mnyama wa mtoni lazima anajua, maana alikuwa hapo akiona. Basi jua likikutana na mvua tena tutashuka tumuulize. Goti litanyamaza.

Lala vizuri, mvua ikunyeshee polepole.

Ni mimi wako wa kushikwa mkono,
Mama Wanja